Dawa ya ukutani iliyoishia kwenye pamba

Mwaka 2001 na 2002 kuna watu walikesha Apac, kaskazini mwa Uganda, kazi yao kukamata mbu. Nchi ile ni ya vinamasi, Ziwa Kyoga liko hapo jirani, na mbu huhitaji kumtafuta, anakuja mwenyewe. Walipomaliza kuhesabu na kupasua, waliandika namba ambayo bado inatajwa na watu wa malaria: mkazi wa Apac alikuwa anaumwa mara 1,586 kwa mwaka na mbu ambaye tayari amebeba vimelea. Kuumwa na mbu wa kawaida hakumo kwenye hesabu hiyo. Gawa kwa 365, unapata zaidi ya wanne kila usiku, masika na kiangazi.

Miaka sita baadaye, 2008, serikali ya Uganda ikapeleka vijana wenye mabomba Apac na wilaya jirani ya Oyam, wapulize DDT, dawa ya kuua wadudu, kwenye kuta za nyumba. Kazi haikufika mbali. Wafanyabiashara wa pamba ya kilimo hai pamoja na watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani, na upuliziaji ukasimamishwa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mkulima wa Lango, ndilo eneo la Apac na Oyam, huweka mavuno yake ndani ya nyumba ileile anayolala. Mnunuzi wa Ulaya anapima. Akikuta chembe za DDT kwenye pamba au ufuta, cheti cha kilimo hai kimekwenda na bei imekwenda nacho.

Wakati ule kila mtu alikuwa na upande wake. Wapo waliosema wazungu wanathamini pamba kuliko watoto wa Apac. Wapo waliosema serikali inawamwagia watu sumu ambayo wenye nayo walishaitupa. Mimi kilichonikaa kichwani ni hiyo pamba. Ukiisoma historia ya DDT tangu mwanzo, zao lililoinywa kuliko mengine ni pamba, na leo pamba ndiyo imesimama kizimbani kama mlalamikaji. Wakulima wa Lango hawakuwa na kosa, wao ndio waliokuwa wamejinyima dawa. Lakini kinaya hicho ndicho kilichonifundisha kwamba ugomvi tuliozoea, wa kuua mbu dhidi ya kulinda ndege, unatupotezea muda. Ugomvi wenye maana ni wa nyumba na shamba, na katika huo nyumba imeshindwa karibu kila mara.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Ilitengenezwa maabara mwaka 1874 na mwanafunzi wa kemia, Othmar Zeidler, ambaye hakujua ina kazi gani. Ikakaa miaka 65 mpaka Paul Müller, mkemia wa kampuni ya Geigy pale Basel, Uswisi, alipogundua mwaka 1939 kwamba inaua nzi. Na inaua kwa namna ya ajabu: nzi halazimiki kuila, akiikanyaga tu imetosha. Inapenya miguuni, inaingia kwenye mishipa ya fahamu na kuzuia milango ya sodiamu isifunge, mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Katika majira ya baridi ya 1943 kuamkia 1944, homa ya chawa ilipozuka Naples, watu zaidi ya milioni moja walipulizwa unga huo mweupe kwenye mikono ya mashati na shingoni, na homa ikakatika. Mwaka 1948 Müller akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba, ingawa hakuwa daktari.

Kwa malaria, siri ya DDT iko kwenye tabia ya mbu mwenyewe. Mbu jike akishanyonya damu anakuwa mzito, hawezi kuruka mbali, anatafuta ukuta apumzike. Ukuta ukiwa na dawa, amekwisha. Kumuua kabla hajakuuma si lazima. Vimelea vinahitaji siku kumi na zaidi tumboni mwake ndipo viwe tayari kumwingia mtu mwingine, kwa hiyo ukimuua leo usiku umeikata malaria ya wiki mbili zijazo. Wataalamu wetu huita kazi hii upuliziaji wa dawa ukoko, na neno ukoko limekaa vizuri: dawa inagandia ukutani kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Kipimo chake ni gramu moja mpaka mbili kwa kila mita ya mraba. Nyumba yenye kuta za mita za mraba 100, kwa kipimo cha juu, inamaliza gramu 200, pungufu kidogo ya robo kilo ya sukari, na dawa inakaa miezi sita au zaidi. Juu ya kuua, DDT inafukuza: mbu wengi wakiihisi hawaingii kabisa. Kwa sababu hiyo inaweza kusaidia hata pale ambapo mbu wamekuwa sugu kidogo.

Matokeo yake yalikuwa makubwa, na anayeyakanusha hajui malaria. Sri Lanka mwaka 1946 ilikuwa na wagonjwa kama milioni 2.8. Mwaka 1963 walihesabiwa 17. Kumi na saba, nchi nzima. Unguja na Pemba zilipata mradi wake kati ya 1958 na 1968, chini ya Shirika la Afya Duniani, na maambukizi yaliyokuwa yameshika visiwa yakashuka mpaka asilimia chache. Sri Lanka ililegeza, na kufikia 1969 wagonjwa walikuwa zaidi ya nusu milioni. Zanzibar iliacha mwaka 1968, na ndani ya miaka michache malaria ilikuwa imerudi kukaa barazani kama mwenyeji.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa shambani.

Marekani peke yake, katika miaka kama thelathini ya kuitumia, ilimwaga ardhini zaidi ya tani 600,000 za DDT. Kilele kilikuwa 1959, kama tani 36,000 kwa mwaka mmoja. Miaka ya mwisho kabla ya marufuku ya 1972, zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo ilikuwa inakwenda kwenye pamba. Rudi sasa kwenye zile gramu 200. Hekta moja ya pamba hupulizwa mara kadhaa kwa msimu, na kila mara inanywa dawa ambayo ingetosha nyumba kadhaa kwa nusu mwaka. Halafu mvua inanyesha, dawa inakwenda mtoni.

Kwetu Usukumani kopo lilikuwa juu ya dari. Kopo la Blue Band, limefungwa kwa kitambaa, ndani yake unga mweupe. Ulikuja na mbegu za pamba kutoka ushirika na kazi yake ilikuwa funza wa pamba, lakini bibi alikuwa na matumizi yake mengine. Kidogo kwenye kihenge cha mahindi. Kidogo kwenye nyufa za kitanda kwa ajili ya kunguni. Na kwa sababu kuku walikuwa na viroboto, alikuwa anamshika kuku miguu, anamgeuza kichwa chini, anampaka unga kifuani kwa kiganja kama anampaka mtoto poda. Kisha ananawa kwa maji matupu, anaendelea kukanda unga wa ugali wa jioni. Hatukuwa na neno la sumu kwa ajili ya kitu kile. Tulikiita dawa.

Simlaumu. Nimemleta kwa sababu ya jambo ambalo mijadala mingi hulisahau: DDT haibaki pale ulipoiweka. Haiyeyuki majini, inayeyuka kwenye mafuta. Ikifika ziwani inashikamana na vijimea na vijidudu, dagaa anavila, samaki mkubwa anamla dagaa, na furukombe, yule tai mla samaki, anamla samaki mkubwa, na kila ngazi inaongeza juu ya ile ya chini, kwa sababu mwili unaitunza kwenye mafuta badala ya kuikojoa. Furukombe aliye juu kabisa anabeba deni la wote. Mwilini mwake DDT inageuka kuwa DDE, na DDE inavuruga utengenezaji wa ganda la yai. Yai linatagwa lina ganda jembamba. Mama anapolalia, linapasuka chini yake.

Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, hayo yalipimwa. Huko DDT ilitumika miaka mingi kuua mbung'o, na mayai ya furukombe wa Kariba yalikutwa na DDE nyingi na maganda yaliyokonda. Marekani tai wao mwenye kichwa cheupe, ndege aliyechorwa kwenye nembo ya taifa, mwaka 1963 alikuwa amebaki jozi zisizofika 500 kwenye majimbo yote ya bara ukiacha Alaska. DDT haikuwa sababu pekee, maana alikuwa anapigwa risasi pia na miti yake inakatwa. Lakini baada ya dawa kuondolewa shambani idadi ilipanda, na 2007 akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

Hapa huwa linatajwa jina la Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1962 kiliwaamsha watu. Kuna kundi zima, hasa Marekani, linalodai kwamba yeye ndiye aliyewaua mamilioni ya watoto wa Kiafrika kwa kusababisha DDT ipigwe marufuku. Madai hayo hayasimami. Marufuku ya Marekani ya 1972 ilihusu mashamba ya Marekani. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha achana na ndoto ya kufuta malaria duniani mwaka 1969, miaka mitatu kabla, na katika ndoto ile Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeachwa nje karibu yote. Mkataba wa Stockholm, ule wa mataifa wa kuzuia sumu zisizooza, uliotiwa saini 2001 na kuanza kazi 2004, uliacha mlango wazi: nchi inaweza kutumia DDT dhidi ya wadudu waenezao magonjwa. Kilichokuwepo ni wafadhili kuona aibu kuinunua, na hilo lilikuwa na madhara yake. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoka hadharani kuiunga mkono tena kwa kazi ya ukutani.

Kinachonikera kwenye hadithi hiyo ya Carson ni kwamba inamficha mhalifu mwingine. Mbu walikuwa wameshaanza kuizoea dawa.

Usugu hauji kwa uchawi. Angalia bustani yoyote ya bondeni yenye mifereji. Mkulima anapuliza nyanya asubuhi, anasuuza bomba kwenye mfereji, maji yanatuama kwenye nyayo za ng'ombe na kwenye vishimo vya kuchotea. Vishimo hivyo ndivyo mazalia ya anofelesi, mbu wa malaria: maji ya jua, yasiyo na uchafu mwingi. Viluwiluwi wanaogelea kwenye dawa iliyopungua nguvu. Elfu wanakufa, wawili wanabaki, na hao wawili wana hitilafu ndogo kwenye ile milango ya sodiamu, dawa inapapasa na haishiki. Hao ndio watakaotaga. Dozi nusu, kila wiki, kwa miaka. Ukitaka kumfundisha mbu, hakuna darasa bora. Huko Burkina Faso, wakati inaitwa bado Upper Volta, usugu wa anofelesi kwa DDT uliripotiwa miaka ya 1960 kutoka Bobo-Dioulasso, na Bobo-Dioulasso ni nchi ya pamba.

Haki lazima itendeke: ukuta nao unafundisha. Zanzibar haina pamba, lakini mradi mwingine wa DDT ulipoletwa miaka ya 1980 ulikuta mbu ambao dawa haiwashughulishi vya kutosha, na ulishindwa. Nzi wa Ulaya walionekana kuwa sugu mwaka 1946 na 1947, dawa ikiwa bado changa kabisa. Kila matumizi yana gharama. Ila ukuta unamgusa mbu mzima wa ndani ya nyumba peke yake, wakati shamba linamkuta tangu majini, pamoja na wadudu wengine wote, na kwa wingi usiolingana.

Na deni halikuishia kwenye DDT. Wakati vyandarua vyenye dawa vilipoanza kugawiwa, dawa iliyochaguliwa ilikuwa pairethroidi, ndugu wa viwandani wa pareto ile inayolimwa Mufindi na nyanda za juu za Kenya. Ni dawa nzuri, sumu yake kwa binadamu ni ndogo, inakauka bila harufu. Tatizo ni kwamba inagonga mlango uleule wa sodiamu. Mbu ambaye babu zake walijifunza kuishinda DDT kwenye mfereji wa pamba tayari ana ufunguo mkononi. Kizazi kimoja kilitumia DDT kuokoa pamba, na kizazi kingine kikalala ndani ya chandarua ambacho mbu ameshakifanyia mazoezi.

Afrika Kusini ilijifunza ubaya wa usugu kwa maumivu, ingawa usugu wa kule ulipita njia nyingine na DDT ilikuwa bado inaua. KwaZulu-Natal walipuliza DDT kuanzia miaka ya 1940 na kumtokomeza kabisa Anopheles funestus, mbu anayependa nyumba kuliko wote. Mwaka 1996, kwa nia njema ya mazingira, na pia kwa sababu watu walichoka na madoa meupe ukutani, wakahamia pairethroidi. Funestus akarudi, mwenye usugu wa pairethroidi, wakakuta anatoka hai kwenye nyumba zilizopulizwa. Kufikia 2000 nchi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 60,000. Wakarudisha DDT, wagonjwa wakaporomoka. Wapenzi wa DDT hupenda kuishia hapo. Huwa hawaongezi kwamba mwaka uliofuata ilianza kutolewa pia dawa mseto ya kutibu malaria, ile tunayoiita ALU, na kwamba sifa ni ya wote wawili.

Wapinzani nao wana kijiji chao, na kiko nchi hiyohiyo. Nenda wilaya ya Vhembe, Limpopo, ambako kuta zimepulizwa DDT miaka nenda rudi. Watafiti waliikuta kwenye vumbi la sakafuni, kwenye samaki, kwenye maziwa ya mama, na kwenye kuku wa kienyeji wanaoparua chini ya ukuta. Nikisoma hilo la kuku nilimwona bibi na kiganja chake cheupe. Waliripoti pia kwamba watoto wa kiume waliozaliwa vijiji vilivyopulizwa walikuwa na kasoro za viungo vya uzazi zaidi kuliko wa vijiji visivyopulizwa. Kule Oakland, California, damu za wajawazito zilizohifadhiwa tangu 1959 mpaka 1967 zilipimwa miongo baadaye. Mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi zaidi wakati wa mimba walikuwa na hatari ya saratani ya matiti karibu mara nne ya wale ambao mama zao walikuwa na kidogo zaidi. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka DDT kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo kusema "ukutani haina madhara" ni uongo, na nimewasikia maofisa wakiusema kwa uso mkavu. Ina madhara, ila madhara yake yanakuja miaka ishirini mbele na malaria ya mtoto inaua kesho kutwa. Ningekuwa na mtoto mchanga Apac mwaka 2002, naumwa mara nne kwa usiku, ningefungua mlango mwenyewe na kuwasaidia vijana wa bomba kutoa vyombo nje. Kwenye mji ambao malaria imeshuka na dawa nyingine zinafanya kazi, nisingewaruhusu kuvuka kizingiti. Sioni mgongano hapo. Aliyekuwa na homa kali humeza dawa chungu ambayo mzima haigusi.

Apac yenyewe yaliyofuata hayakumfurahisha mtu. Baada ya DDT kuondolewa ililetwa pairethroidi, lakini mbu hawakujali sana. Ikaja bendiokabu, ya kundi lingine kabisa, ikafanya kazi, wagonjwa wakapungua kaskazini. Ni ghali zaidi na haikai ukutani muda mrefu kama DDT. Mwaka 2014 upuliziaji ukahamishwa kutoka wilaya kumi za kaskazini kwenda mashariki, na 2015 malaria ilirudi kaskazini kwa kishindo. Pamba ya kilimo hai ililinda cheti chake. Sijui nani anaweza kuitaja hiyo kuwa ni ushindi.

Wenzangu wa mazingira wana hoja moja ambayo sijawahi kuijibu vizuri, ya kwamba dawa ikishaingia nchini haibaki kwenye stoo iliyoandikiwa. Ni kweli. Shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, lilipokea mwaka 1986 shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki, msaada huo, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na wakati. Banda likaanguka, dawa zikakaa mvuani. Hata baada ya shehena kuondolewa, watafiti waliendelea kukuta DDT kwenye udongo na kwenye maji ya jirani. Na Ziwa Victoria tunakumbuka thiodani, ambayo ilikuwa dawa ya pamba mpaka wavuvi walipogundua kwamba ukiimwaga majini samaki wanaelea wenyewe. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa lile, na viwanda vya minofu vikasimama kuanzia Mwanza mpaka Kampala. Tena pamba. Bibi na kopo lake wako kila wilaya.

Tofauti yangu na wao ni kwamba wanaitazama stoo ya Wizara ya Afya tu. Dawa ya ukutani huja na vijana waliofundishwa, wenye barakoa, wenye daftari la kuhesabu pakiti tupu jioni. Unaweza kuibana. Dawa ya bustani inapimwa kwa kizibo cha soda.

Na ndiyo maana yanayotokea sasa yananitisha kuliko DDT. Huko Misungwi, mkoani Mwanza, ilifanyika moja ya tafiti muhimu za malaria za miaka hii: chandarua kilichoongezewa dawa mpya, klofenapiri, kilipunguza malaria kwa watoto kwa kiwango kikubwa kuliko cha pairethroidi tupu, na athari ikaonekana kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo. Klofenapiri haipiti kwenye mlango wa sodiamu. Inaingilia namna seli inavyotengeneza nguvu, mbu hana mazoezi nayo. Ni silaha mpya kweli, na silaha mpya za malaria hatuzipati kila muongo. Ukutani nako kumekuja klothianidini, ya kundi la neonikotinoidi, na tayari kutoka Yaoundé, Kameruni, wameripoti mbu wanaoivumilia katika maeneo ambako wakulima wa mboga hupuliza dawa za kundi hilo. Kabla haijafika kwenye kuta za watu, mfereji ulikuwa umeshaitangulia.

Klofenapiri nayo, duniani, ni dawa ya mboga. Inasifiwa kwa kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyewafilisi watu, na kwa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Mkulima anayeona nyanya zake zinatobolewa hana sababu ya kuwaza chandarua. Anayesajili dawa ya shamba yuko upande wa Kilimo, anayeagiza vyandarua yuko upande wa Afya. Ningependa kuona sharti moja tu likiandikwa: kundi la dawa likiwa limeshachaguliwa kwa vyandarua au kuta, lisiuzwe rejareja kwa bustani za mabondeni mpaka watu wa malaria wamesaini. Litawaumiza wakulima wa nyanya, na itabidi wapewe kitu kingine cha kumkabili kantangaze, chenye bei ileile. Hilo linahitaji fedha, na sijaona fungu lake.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye duka moja la pembejeo, mji mdogo wa barabarani, nikimsubiri rafiki anunue mbegu za bamia. Juu ya rafu kulikuwa na kichupa cha dawa ya kantangaze, na kwa herufi ndogo chini ya picha ya nyanya kubwa nyekundu lilikuwa limeandikwa jina la ile dawa ya Misungwi. Nikamuuliza muuzaji, kijana mchangamfu, kama anajua kwamba hii ndiyo dawa ya vyandarua vipya. Alikuwa hajui. Akakichukua kichupa, akakigeuza, akasoma, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Kumbe, mzee wangu. Basi kuanzia leo nitawaambia wateja. Kama wameiweka mpaka kwenye neti, si ina maana ndiyo inayoshika?"